Majirani Wetu Wamormoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watu wa Dodoma

Ukikaa Nkuhungu, Ilazo, Kisasa au Makulu, huenda umeshapishana nao: vijana wawili, shati jeupe, tai, beji nyeusi kifuani, wanakata mitaa kwa miguu saa saba mchana. Au hujawaona wao, ila dada wa nyumba ya pili ameanza kukataa chai. Majibu haya ni ya sisi tusio Wamormoni na tusio na mpango wa kuwa, lakini tunaoishi nao mtaa mmoja, ofisi moja, na siku hizi familia moja. Mimi ni Mwanglikana mwenye ndugu walioingia huko. Sikuandika kuwatetea wala kuwasema. Pale ninapoona jambo halijakaa sawa, nitasema.

Kwanza kabisa, hawa ni akina nani?

Jina lao kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Lilianzishwa na Joseph Smith tarehe 6 Aprili 1830 katika jimbo la New York, Marekani. Smith aliuawa na kundi la watu wenye silaha mwaka 1844 akiwa mahabusu huko Carthage, Illinois, na wengi wa wafuasi wake wakahama na Brigham Young hadi bonde la Salt Lake, walikofika mwaka 1847. Makao makuu yako huko mpaka leo, na wanajihesabu kuwa zaidi ya milioni 17 duniani.

Jina la Wamormoni limetokana na Kitabu cha Mormoni, ambacho kwa Kiswahili kimekuwapo tangu mwaka 2000. Tangu 2018 viongozi wao wameomba wasiitwe hivyo. Hapa nimelitumia kwa kuwa ndilo lililozoeleka vijiweni. Ana kwa ana na jirani yako, taja jina la kanisa lake. Ni heshima ndogo isiyokugharimu kitu.

Ni Wakristo au si Wakristo?

Wao watakujibu ndiyo, bila kusita. Mchungaji wako pengine atakujibu hapana, na ana sababu zake. Wamormoni hawaikubali Kanuni ya Imani ya Nikea tunayoisoma kila Jumapili. Kwao Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni nafsi tatu zilizotengana kabisa, na Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Pamoja na Biblia wana vitabu vitatu vingine: Kitabu cha Mormoni, Mafundisho na Maagano, na Lulu ya Thamani Kuu. Wanaamini pia kwamba yuko nabii aliye hai. Aliyekuwa nabii, Russell M. Nelson, alifariki Septemba 2025 akiwa na miaka 101, na aliyeshika nafasi yake ni Dallin H. Oaks.

Ubatizo wao hautambuliwi na Kanisa Katoliki. Vatikani ilitoa uamuzi huo mwaka 2001. Wao nao hawautambui ubatizo wa kanisa lolote jingine. Mkianza ubishi huu barazani mtakesha. Ushauri wangu ni kuuacha kwa wenye mamlaka ya kuujibu.

Nasikia ni Freemason. Kweli?

Hapana. Dodoma yetu hii mtu akijenga ghorofa haraka tayari ni Freemason, kwa hiyo sishangai na hawa wamepakwa rangi hiyo. Yapo mambo mawili yanayoukoleza uvumi. La kwanza ni la historia: Joseph Smith mwenyewe alijiunga na Freemason mwaka 1842, na wanahistoria wanakubali kwamba baadhi ya ibada za hekaluni zinafanana na zile za chama hicho. La pili ni kwamba wasio waumini hawaingii hekaluni likishawekwa wakfu, na waumini nao hawasimulii sana yanayofanyika ndani. Penye pazia watu hujaza wenyewe.

Ila hekalu ni kitu kimoja na kanisa la Jumapili ni kingine. Kanisa la Jumapili liko wazi kwa yeyote. Ingia, kaa nyuma, toka ukitaka. Hutakutana na nyoka wala jeneza. Utakutana na watu wametulia kupita kiasi: hakuna ngoma, hakuna kayamba, nyimbo za taratibu kwa kinanda. Kwa mtu aliyelelewa na kwaya za Kigogo, ukimya ule unaweza kukuchosha kuliko mahubiri. Ushirika wao ni mkate na maji, si divai, na mgeni halazimiki kushiriki. Kikapu cha sadaka hakipitishwi.

Kama unafanya kazi za ndani kwa familia ya Kimormoni na ukaona kwenye kamba nguo za ndani nyeupe zisizo za kawaida, ni vazi la waumini waliokwisha kupitia ibada za hekaluni. Zianike, zikunje, usizipeleke kijiweni.

Wanaoa wake wengi?

Walioa zamani. Kanisa lilitangaza hadharani ndoa za wake wengi mwaka 1852, na mwaka 1890 rais wao Wilford Woodruff akatoa tamko la kuziacha. Leo muumini anayeoa mke wa pili anapoteza uanachama. Vikundi vinavyoendelea na mitala huko Marekani vilikwisha kujitenga na si kanisa hili.

Kwetu linageuka kuwa jambo la nyumbani. Mzee mwenye wake wawili kule Chamwino au Bahi akitaka kubatizwa ataambiwa haiwezekani kwa hali aliyo nayo. Hapo ndipo wanafamilia waamke. Mke mdogo ana watoto, ana shamba, ana haki zake kisheria. Mzee asije akamwacha mtu solemba kwa jina la dini na ukoo mzima ukabaki unatazama.

Ni kweli walikuwa wanawabagua watu weusi?

Kweli. Mpaka Juni 1978 mwanaume mweusi mwenye asili ya Afrika hakuweza kupewa ukuhani, na wanaume kwa wanawake weusi walizuiwa ibada za hekaluni. Mwaka 2013 kanisa lilichapisha maelezo ya kuzikana nadharia zilizokuwa zikitumika kuhalalisha hilo, kama ile ya laana. Mkenya Joseph W. Sitati aliingia kwenye uongozi mkuu wa kanisa mwaka 2009.

Ukiwauliza wamisionari swali hili, wengine watajibu vizuri, wengine watababaika maana wana miaka kumi na tisa tu. Uliza hata hivyo. Anayekuletea imani mlangoni hapaswi kuona vibaya akiulizwa historia yake.

Vijana wamepiga hodi. Nifanyeje?

Wakaribishe kama unavyomkaribisha mgeni yeyote, au wakatalie kama unavyomkatalia mchuuzi. Yote mawili ni sawa. Tatizo letu Dodoma ni adabu: tunaona haya kusema hapana, tunasema "njooni wiki ijayo", na wiki ijayo tunajificha chumbani na kumtuma mtoto aseme mama hayupo. Wao hawajui lugha hiyo ya kwetu. Wewe ukisema njooni, wanakuja kweli. Sema hivi: "Asanteni, wanangu. Mimi nina kanisa langu na sibadilishi. Maji ya kunywa yapo, lakini masomo sitahitaji." Hawatakasirika.

Mambo machache yatakusaidia. Wanatembea wawili wawili. Vijana wa kiume huhudumu miaka miwili kwa gharama zao au za familia zao, hawalipwi mshahara. Kanuni zao haziwaruhusu vijana wa kiume kuingia ndani kama mwenyeji ni mwanamke peke yake, kwa hiyo akina mama msione wanawadharau wakibaki barazani. Jina lililo kwenye beji ni la ukoo na mbele yake huandikwa Mzee au Dada. Bibi mmoja jirani yangu aligoma kabisa kumwita Mzee mtoto anayelingana na mjukuu wake. Anamwita "mwanangu", na kijana anaitika.

Lijue na hili: mwaliko wa kubatizwa huja mapema, mara nyingine katika mazungumzo ya mwanzo kabisa. Mtu aliyezoea mafundisho ya kipaimara ya miezi na miezi anashtuka. Hulazimiki kujibu siku hiyo, na kama hutaki kupigiwa simu, usiwape namba.

Tunaweza kumwomba mwenyekiti wa mtaa awapige marufuku?

Hapana. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa dini, na kueneza dini ni sehemu ya uhuru huo. Wakivunja sheria kama mtu mwingine yeyote, lipelekwe kama kosa hilo. Kutowapenda si kosa lao.

Mgeni wangu ni Mmormoni. Nimwandalie nini?

Hawatumii pombe, tumbaku, kahawa, wala chai ya majani. Mafundisho hayo ni ya tangu mwaka 1833. Kwa hiyo mvinyo wa zabibu zetu haumhusu, na pombe ya mtama halikadhalika. Zabibu zenyewe anakula, juisi anakunywa, soda anakunywa. Ugali wa uwele, mlenda, nyama choma: hana mwiko. Uji anakunywa.

Kinachosumbua ni chai, kwa sababu kwetu mgeni asiyekunywa chai ni kama amekataa mkono wako. Chai isiyo na majani ya chai inakubalika. Shangazi yangu anayekaa mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma ana chupa mbili zinazofanana za rangi nyekundu. Ya mchaichai na tangawizi ameifunga uzi mweupe kwenye mpini ili asikosee wakati wageni ni wengi, na wajukuu wasio Wamormoni wamegundua kuwa yenye uzi ndiyo tamu zaidi, wanaimaliza kabla wenyewe hawajafika.

Jumapili ya kwanza ya mwezi usiwaalike chakula cha mchana. Siku hiyo wanafunga milo miwili, na kiasi wanachookoa wanatoa kwa ajili ya wahitaji.

Kikundi chetu cha vikoba kinakutana Jumapili na yeye haji.

Sogezeni iwe Jumamosi. Jumapili wengi wao hawafanyi biashara wala kununua, na Jumatatu jioni wengi huitenga kwa ajili ya familia. Wasabato mliwazoea, hawa nao mtawazoea.

Mwanangu anakwenda kwao kujifunza Kiingereza bure. Nimwache?

Madarasa yao ya Kiingereza huwa wazi kwa wote na hayana ada. Ipo pia programu ya masomo ya mtandaoni, BYU-Pathway Worldwide, ambayo hata wasio waumini wanaweza kusoma kwa ada nafuu. Katika jiji lenye vijana wengi waliomaliza chuo na hawana ajira, sioni ubaya wa mtu kwenda kunoa Kiingereza.

Lakini usimpeleke halafu ukafumba macho. Darasa linafanyika kanisani, walimu ni wamisionari, na urafiki unaanzia hapo. Kaa na mwanao, mwulize amefundishwa nini zaidi ya sarufi. Mtoto aliye chini ya miaka 18 hawezi kubatizwa bila ridhaa ya wazazi, hiyo ni kanuni yao wenyewe. Kwa hiyo ukisema hapana, hapana yako inatosha.

Mke wangu anataka kubatizwa, mimi sitaki.

Kanuni zao zinataka mwenzi wa ndoa aridhie kabla ya ubatizo, kwa hiyo hatafanya kwa siri. Usiitumie nafasi hiyo kama rungu. Ridhaa uliyoinyima kwa hasira mtaikuta mezani kila siku kama chumvi.

Kaeni mkubaliane mambo manne kabla hajaingia majini: watoto wataabudu wapi, zaka itatoka kwenye fungu lipi, Krismasi na Pasaka mtakuwa wapi, na nani atahudhuria sherehe za upande upi. La watoto lina tarehe yake, maana kwao mtoto hubatizwa akifikisha miaka minane, na miaka minane haikawii. Nimeona nyumba iliyopita salama kwenye yote, ikakwama hapo.

Pesa zao zikoje? Ukijiunga unalipwa?

Hulipwi; unalipa. Zaka ni asilimia kumi ya kipato, na asiyetoa hapati kibali cha kuingia hekaluni. Mwenye mshahara wa laki sita anatoa elfu sitini. Ile dhana kwamba "kanisa la Wazungu" linagawa dola iliwapeleka watu fulani pale, wakakaa wiki chache, wakatoka wamenuna.

Viongozi wa mahali hawana mshahara. Hapa Dodoma askofu ni mtu mkubwa, ana kanisa kuu na gari lenye bendera. Askofu wa Wamormoni anaweza kuwa mhasibu wa wizara pale Mtumba ambaye jioni anarudi kuosha daladala yake, na kundi likiwa dogo huongozwa na rais wa tawi. Kanisa lenyewe juu kule ni tajiri sana. Februari 2023 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ilitangaza faini ya dola milioni 5 kwa kanisa na kampuni yake ya uwekezaji, kwa kuficha ukubwa wa hisa zake. Mtu anayetoa zaka ana haki ya kulijua hilo.

Binti yetu anaolewa na Mmormoni. Kuna la kujiandaa?

Lipo, na ndilo linalouma wazazi kuliko yote. Ibada yao kubwa ya ndoa, ile wanayoamini inawaunganisha hata baada ya kifo, hufanyika hekaluni, na mzazi asiye muumini haingii. Inawahusu wanandoa ambao wote wawili ni waumini wenye kibali, kwa hiyo ikiwa binti naye amejiunga, jiandaeni. Zamani hekalu la karibu lilikuwa Johannesburg. Tangu Mei 2025 lipo la Nairobi, safari ya basi kupitia Arusha na Namanga.

Suluhisho lipo wazi: ndoa ya kisheria ifungwe kwanza hapa nyumbani, mbele ya ukoo, na hekaluni waende baadaye. Tangu 2019 kanisa halimlazimishi aliyefunga ndoa ya kiserikali kusubiri mwaka mzima kabla ya kwenda. Kwa sheria yetu ya ndoa ya mwaka 1971, notisi ni siku 21. Kwa hiyo upande wa binti msione haya kusema: "Mkwe, tumekubali, lakini ndoa tutaishuhudia kwa macho yetu." Kitchen party ipo, send-off ipo, vigelegele vipo. Bia ndiyo haipo, na kamati ilijue mapema. Nimeshuhudia mwenyekiti wa kamati akigundua hilo wakati kreti zimeshafika ukumbini. Baba mdogo wa bwana harusi alizikalia zile kreti nje, kwa hiari yake, mpaka saa sita usiku.

Na mahari?

Hapa msidhani watakuwa kama sisi. Oaks, yule nabii wao wa sasa, kabla hajawa rais wa kanisa, aliwahi kuwahimiza waumini wa Afrika waachane na mahari, akisema inawachelewesha vijana kuoana. Kwa Mgogo, ng'ombe wa mahari ni wajomba, ni mashangazi, ni jina la binti kutamkwa pande mbili za ukoo. Ukimwambia mjomba aache sehemu yake kwa sababu kiongozi mmoja wa Utah kasema, utatafuta pa kulala.

Binafsi naona hoja ya Oaks ina ukweli nusu. Mahari za siku hizi za kupangiwa kama kiwanja cha Mtumba zinawachelewesha vijana kweli. Lakini dawa yake ni wazee kupunguza, na wazee wa Kigogo wakiombwa kwa adabu hupunguza. Bwana harusi wa Kimormoni atume washenga wenye umri, wasitaje kanisa hata kidogo, wataje uwezo wa kijana.

Mpwa wangu anazunguka na daftari akiuliza majina ya mababu. Anataka nini?

Anaandika nasaba. Wamormoni wanaamini marehemu anaweza kubatizwa kwa niaba, yaani muumini aliye hai anaingia majini hekaluni kwa jina la marehemu. Wanasema roho ya marehemu ina hiari ya kukubali au kukataa, na marehemu hahesabiwi kuwa mwanachama.

Kuna wazee wanaofurahi sana. Nilikaa kwenye kikao kimoja Mpunguzi ambapo babu, asiyekumbuka alipoweka fimbo yake, alitaja vizazi saba bila kumeza mate, akasimama kwenye jina moja na kusema huyo asiandikwe kwanza mpaka kesi ya ng'ombe wake iishe. Kijana akaacha mstari mtupu. Daftari lile sasa lina thamani kwa ukoo mzima, Wamormoni na wasio Wamormoni, na niliomba nakala.

Wengine hawataki, na wana haki. Kanuni yao inasema kwa mtu aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita, lazima ndugu wa karibu kabisa aridhie: mjane au mgane, mtoto, mzazi, au ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo kama baba yako alizaliwa 1940 na alikufa akiwa mzee wa kanisa la Anglikana, mpwa hana ruhusa ya kumpeleka Nairobi kwa daftari tu. Mwambie waziwazi: "Majina nakupa ya kumbukumbu ya ukoo. Ya hekaluni, hapana." Mwambie mbele ya shahidi.

Kwenye misiba wanakuja?

Wanakuja, wanatoa rambirambi, wanabeba maji, akina mama wao wanaingia jikoni na kukaa mpaka mwisho. Kwenye matambiko ya kumwaga pombe kaburini wataomba kukaa kando. Watu wengine nao hukaa kando, wala hatuwaulizi.

Mimi ni Mwislamu wa Kondoa. Kuna tofauti kwangu?

Ndogo. Kwenye sherehe yao hutakutana na pombe, ambayo ni afueni. Nguruwe hawajamkataza, kwa hiyo uliza. Kuhusu kuchinja, kwa kawaida hawana pingamizi na desturi yetu ya kumwita Mwislamu achinje ili wote wale.

Ndugu yetu aliingia, sasa anataka kutoka. Afanyeje?

Kuacha kwenda tu hakufuti jina. Atabaki kwenye orodha na watu watakuja kumjulia hali. Akitaka jina liondolewe, anaandika barua yenye sahihi kwa askofu au rais wa tawi, akieleza kuwa anaomba jina lake litolewe. Hana haja ya kueleza sababu wala kuhudhuria kikao. Abaki na nakala. Akirudi Katoliki na alikuwa amebatizwa huko kabla, habatizwi upya. Atamwona paroko kwa maungamo na utaratibu wa kupokelewa. Aliyezaliwa na kubatizwa kwa Wamormoni tu, ataanza na mafundisho ya ukatekumeni na kubatizwa.